Mikunjo ya Pua ya Sista

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, taulo mabegani, uso ameuinua kuelekea mwanga wa dirisha, na bintiye alikuwa akimchora misuli kwa penseli ya wanja.

"Usicheke," binti alimwambia. "Ukicheka msuli unahama."

"Uhame uende wapi? Huo umezaliwa hapo hapo na hauna kwao kwingine."

Mzee alikuwa dereva wa malori kabla ya kustaafu, na uso wake ulikuwa mpana, wenye nafasi ya kutosha kila kitu. Tangu bintiye aanze kusomea udaktari, uso huo ulikuwa umegeuka ubao wa kuandikia. Siku moja alisahau kunawa, akaenda dukani kununua mkate akiwa na misuli yote ya mashavu imechorwa, na muuza duka akamuuliza kwa heshima kama amejiunga na kikundi cha ngoma. Mama hajaacha kulicheka jambo hilo mpaka leo.

Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya pua. Binti alikuwa akijifunza kazi kwenye kliniki ya ngozi, ile ya sindano za kulegeza misuli ili mikunjo ya uso ipungue, na siku hiyo kwa mara ya kwanza angeshika sindano mwenyewe.

"Huu wa hapa," alisema, akichora mstari kutoka shavu moja hadi jingine, "unapita juu ya mgongo wa pua kama tandiko. Ukijikaza, ngozi inajikunja. Ndio tunaouchoma. Na huu mwingine unaanzia karibu na pembe ya jicho, unashuka ubavuni mwa pua, halafu unagawanyika. Una jina la Kilatini refu kuliko wenyewe. Tawi moja linainua mdomo wa juu. Tawi la pili linashika bawa la pua na kulivuta."

"Linalivuta kwa nini?"

"Baba nawe! Ili pua ikunjamane. Mtu akichukizwa."

"Yaani Mungu akae chini, atengeneze msuli mzima wa kuchukizwa tu?" Baba aliguna. "Haya, endelea. Mimi ni ubao, ubao hauulizi."

Binti aliendelea kuchora, lakini mkono wake ulipunguza mwendo. Lilimkera kidogo swali lile, maana lilikuwa la aina yake mwenyewe, na hakuwa ameliuliza.

Kule kliniki walimwita Mbona. Jina hilo alibandikwa na daktari mkuu, kwa sababu hakuna siku iliyopita bila yeye kuanza sentensi na neno hilo. Mbona huyu tunamchoma juu na yule chini? Mbona mikunjo ya huyu imeelekea kushoto? Wauguzi waliligeuza kuwa jina la kumwita, na yeye akaliitikia bila kinyongo.

Daktari mkuu naye alikuwa na jina lake, ila hilo lilitumika akiwa hayupo. Walimwita Bwana Shwari. Kwa miaka mingi alikuwa akijichoma dawa yake mwenyewe, na paji lake la uso lilikuwa limetulia kama maji kwenye ndoo. Akifurahi, shwari. Akikasirika, shwari. Dada wa mapokezi ndiye aliyemfundisha Mbona siri ya kumsoma: "Usimtazame usoni, utapotea. Mtazame masikio. Yakirudi nyuma, nyamaza."

Mgonjwa wa asubuhi ile aliingia akiwa na sare ya uuguzi na viatu vyeupe vilivyosuguliwa vikang'aa, barakoa ameishusha chini ya kidevu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa na sauti ya upole. Hakujitazama hata mara moja kwenye vioo, na kliniki ile ilikuwa na vioo kila ukuta.

"Nataka mnitolee hii mikunjo ya pua," alisema kabla hajakaa sawasawa. "Leo hii, kama inawezekana."

"Kila kitu kinawezekana, Sista," alisema daktari mkuu. "Ila tuambie kwanza, inakusumbua tangu lini?"

"Kunisumbua mimi? Hainisumbui. Inawasumbua wenzangu." Alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Mimi nasafisha vidonda wodini. Vile vidonda vya muda mrefu, vya miguu, vya mgongoni kwa waliolala sana. Sasa wagonjwa wamenisema. Wanasema nikiwainamia nawakunjia pua. Kwamba nawaona uvundo."

"Na unawaona uvundo?" aliuliza Mbona.

"Mdogo wangu, ningekuwa nawaona uvundo ningefanya kazi ile hata wiki?" Hakusema kwa hasira. "Kuna mzee mmoja, kitanda cha dirishani, zamani alikuwa fundi saa. Amekataa nisimguse. Basi angekubali wenzangu, wala! Anasema kama mimi niliye mpole namchukia hivi, hao wengine si watamtapikia? Kidonda kimefungwa bandeji ile ile, kinazidi kuharibika. Mkuu wa wodi amechoka na kesi hizi. Ameniambia kuanzia Jumatatu niende stoo ya mashuka."

Alinyamaza, akavuta pumzi, na Mbona akaona kitu. Kilipita haraka kama kivuli cha ndege: mikunjo midogo ubavuni mwa pua, kisha ikafutika.

"Mimi mashuka sina ugomvi nayo," Sista aliendelea. "Lakini kidonda kikianza kuota nyama nyekundu safi, kikajifunga taratibu, ukijua ni mkono wako... Ndiyo kazi niliyopewa. Nikitolewa hapo, sijui nitakuwa nani."

Daktari mkuu alisogeza kiti chake. "Hebu kunja pua. Kama umefungua friji umeme ulipokatika."

Sista alikunja. Mikunjo mitatu minne ilijitokeza juu ya mgongo wa pua, kila upande.

"Mistari ya sungura," alisema daktari. "Sungura akinusa anafanya hivyo hivyo. Ulishawahi kuchomwa sindano za paji? Mara nyingine paji likilegezwa, pua inaanza kufanya kazi isiyoihusu."

"Sijawahi kuchomwa chochote usoni."

"Basi ni mazoea tu. Ni jambo dogo. Mbona, huyu wako leo. Tone moja kila upande, juu, kwenye mgongo wa pua. Usishuke ubavuni, utaugusa msuli wa mdomo, Sista awe anacheka nusu."

Mbona alivaa glavu. Alisafisha ngozi kwa spiriti, akashika penseli nyeupe ya kuweka alama. Alikuwa akiutazama uso ule, na kadiri alivyoutazama ndivyo ulivyokataa kufanana na maelezo.

Mikunjo aliyoikunja Sista kwa kuambiwa ilikuwa juu, pale penye tandiko. Lakini ile iliyokuja yenyewe, alipokuwa akizungumza, ilikuja chini zaidi, ubavuni, na ilikuja pamoja na bawa la pua. Bawa lilipanda kidogo, kama mtu anayeinua pazia achungulie. Tena haikuja alipotaja uvundo. Ilikuja aliponyamaza.

"Mbona..." alianza.

"Nilijua tu," alisema daktari mkuu.

"Sista, ukiinamia kidonda, harufu yake unaisikiaje?"

Sista alisita, kama mtu aliyeulizwa siri ndogo ya nyumbani. "Kusema kweli? Mimi harufu zinanifikia kwa mbali sana. Kama redio ya jirani. Hata chakula kikiungua jikoni, mume wangu ndiye anayepiga kelele kutoka chumbani."

Mbona alirudisha penseli kwenye trei. Ndani yake kulikuwa na msisimko aliokuwa akiusikia tangu utotoni, alipofungua redio ya baba ili aone mtu anayeongea amekaa wapi. Mtu asiyesikia harufu, pua yake inakimbia nini?

Masikio ya daktari mkuu yalirudi nyuma.

"Mbona. Mgonjwa amekuja na shida moja, anataka dawa moja. Mikunjo ndiyo kazi yetu. Tukianza kufuata sababu za mikunjo, tutaishia kwa wakwe na wenye nyumba."

"Naelewa, Daktari. Lakini..."

"Mdogo wangu, choma tu," alisema Sista, akashika mkono wa Mbona, mkono mzito na wa joto. "Nakuomba. Jumatatu si mbali. Uso ukitulia, yule mzee ataniruhusu. Nikichelewa zaidi, ule mguu..."

Hapo ndipo Mbona alipoona ugumu wa jambo lenyewe. Si daktari mkuu aliyesimama njiani. Ni huyu dada mwenyewe, na sababu yake ilikuwa nzuri. Ingekuwa rahisi kumpa anachotaka. Angeondoka akishukuru.

"Nitachoma," alisema. "Lakini kwanza nikuone ukifanya kazi. Hapa hapa. Ukisafisha kidonda mara moja tu, nikaona, nachoma."

"Kidonda kiko wapi?"

Mbona alimgeukia daktari mkuu. Daktari mkuu alimtazama Mbona. Uso ulikuwa shwari. Masikio yalikuwa yakijadiliana.

"Usiniambie," alisema.

Dada wa mapokezi alileta rangi yake ya mdomo, na kwa furaha ambayo hakujisumbua kuificha, akamchorea bosi wake kidonda kikubwa chekundu kwenye mkono. Daktari mkuu alilala kwenye kitanda cha wagonjwa, shati limekunjwa hadi kiwikoni, akitazama dari. Mbona alipanga trei: shashi, kibano, maji ya chumvi, bandeji.

Sista aliposimama kando ya kitanda kile, akawa mtu mwingine. Mabega yalishuka. Mikono ilijua njia. "Habari ya leo, mzee wangu," alimwambia daktari mkuu, kwa mazoea, na daktari mkuu akajikuta anaitikia, "Nzuri, Sista." Alipandisha barakoa, akabana kile kipande cha waya mgongoni mwa pua ili ikae vizuri, akainama.

Ikaanza. Kila alipovuta pumzi, juu ya ukingo wa barakoa, mikunjo ilipanda. Akitoa pumzi, ikashuka. Kuvuta, kukunja. Kutoa, kutulia. Ilikuwa na mwendo kama wa mshono wa cherehani, na mwenyewe hakuwa na habari nayo hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye kidonda cha rangi ya mdomo, akikifuta kwa upole kama kingeweza kuuma.

"Samahani, Sista," alisema daktari mkuu kutoka kitandani, taratibu. "Mimi najua hapa hakuna kidonda. Lakini nikiwa nimelala huku chini, nikikutazama... Naona kama unanichukia."

Kibano kilisimama hewani. Sista alijiinua, macho yakiwa yamejaa maji. "Basi kumbe ni kweli," alisema. "Kumbe wagonjwa hawakunisingizia."

"Subiri," alisema Mbona. "Usilie kwanza. Shusha barakoa."

Sista akashusha. Pua ilitulia, isipokuwa mtikisiko mdogo wa mara moja moja.

"Pandisha. Bana waya."

Ikaanza tena.

"Legeza waya."

Ikapungua.

Aliona uso wa baba yake kwenye mwanga wa jikoni, na mistari miwili ya wanja ikishuka ubavuni mwa pua, mmoja ukienda mdomoni, mmoja ukishika bawa. Linalivuta kwa nini? Alimsogelea Sista, akaweka kidole kimoja kila shavu, kandokando ya pua, akaivuta ngozi kwenda nje, kidogo tu.

"Vuta pumzi. Kwa pua."

Sista alivuta. Kisha macho yake yakapanuka. Akavuta tena, ndefu, kifua kikapanda kama cha mtu aliyetoka majini.

"Ni nini hiki?" alinong'ona. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Hiyo ni hewa. Sista, uliwahi kuumia pua?"

"Zamani sana, nikiwa mwanafunzi. Mgonjwa mwenye homa kali alikuwa akihangaika, akanipiga kiwiko hapa. Ilivimba, ikapona. Sikuona haja ya kwenda popote. Muuguzi aende hospitali kwa ajili ya pua?"

"Ilipona kwa nje. Ndani, kuta za pua zimelegea. Ukivuta hewa zinaingia ndani, zinajifunga, na ule waya wa barakoa unazibana zaidi. Kwa hiyo msuli huu," alimgusa ubavuni mwa pua, "unavuta bawa kufungua njia. Kila pumzi, kazi hiyo hiyo, miaka yote. Sista, hukunji pua kwa kuchukizwa. Unatafuta hewa."

Dada wa mapokezi, ambaye alipaswa kuwa mapokezi, alikuwa amesimama mlangoni ameshika rangi yake ya mdomo.

Daktari mkuu aliketi. Alijitazama mkono wenye kidonda cha rangi ya mdomo kilichofutika nusu. "Ningemchoma," alisema. "Mikunjo ya ubavuni ingebaki, ningeshuka kuifuata, nikaulegeza msuli huo huo unaomsaidia kupumua. Uso ungetulia vizuri sana, na usiku angekuwa anashindwa kulala, na wala asingejua amuulize nani." Akamtazama Mbona. Paji halikusema kitu, lakini masikio yalikuwa yamerudi mahali pake. "Endelea kuuliza," alisema, akainuka kwenda kumpigia simu rafiki yake daktari wa masikio, pua na koo.

Rafiki huyo alikubali kumwona Sista baada ya wiki kadhaa. Huenda ukuta wa pua ungehitaji kuimarishwa. Kwa sasa, alisema, atafute ule utepe mgumu unaobandikwa juu ya pua kwa nje, unaovuta kuta zake zifunguke.

"Za kukoroma hizo!" alidakia dada wa mapokezi. "Mume wangu anazitumia. Zamani jirani zetu walikuwa wanagonga ukuta." Akakimbilia duka la dawa la pembeni, akarudi na pakiti, pamoja na barakoa za aina nyingine, zile zilizotuna mbele kama kikombe, zisizo na waya wa kubana.

Sista alibandikwa utepe. Alikaa akipumua tu, kama mtu anayeonja kitu kipya. Lakini uso wake haukukunjuka. Alijitazama kwenye kioo kwa mara ya kwanza tangu aingie, akagusa ile mistari iliyokuwa bado ipo, myembamba, imejichora kwenye ngozi.

"Kwa hiyo nitarudi na uso huu huu," alisema. "Tena na plasta juu. Nimwambie yule mzee nini? Kwamba nilikuwa natafuta hewa? Nani ataamini?"

Mbona alikuwa ameona sababu, na kwa muda alidhani kuona sababu ndiyo kumaliza kazi. "Nitakuja nawe," alisema. "Nitamweleza mimi."

"Nenda," alisema daktari mkuu, akijifuta rangi ya mdomo kwa spiriti, bila mafanikio.

Wodi ilikuwa ndefu, sakafu imepigwa deki, vitanda vimepangana kuelekea dirisha la mwisho. Mkuu wa wodi aliwapokea kwa kuangalia utepe wa Sista, kisha glavu zilizosahaulika mkononi mwa Mbona, kisha akaamua kuwafuata aone.

Harufu ilimfikia Mbona kabla hawajafika kitandani. Mzee alikuwa amekaa wima, mwembamba, vidole virefu juu ya blanketi, na saa ya mkononi iliyofunguliwa mfuniko imelala mapajani mwake. Aliwatazama wakija, akatazama pua ya Sista, akatazama pembeni.

"Shikamoo, mzee," alisema Mbona. "Mimi ni daktari mwanafunzi. Nimekuja kukueleza kuhusu pua ya Sista. Iko hivi: usoni kuna msuli mmoja unaoanzia pembeni mwa jicho, halafu..." Akaeleza tandiko, akaeleza bawa, akajikuta ametamka hata lile jina refu la Kilatini. Alipofika kwenye waya wa barakoa, mzee aliinua kidole.

"Marahaba, binti. Umesoma, hongera. Lakini mimi nimetazama vitu vidogo vinavyotikisika maisha yangu yote. Pua yake niliiona siku ya kwanza. Watu wengi wananikunjia pua. Sikukasirikia pua."

"Ulikasirikia nini, basi?" aliuliza Mbona.

"Uongo." Mzee alimgeukia Sista. Sauti yake haikupanda. "Mke wangu alihamia kulala sebuleni. Wajukuu wananisalimia wakiwa mlangoni. Wote wanasema wana haraka. Nikakuuliza wewe, uliyekuwa umekiinamia kabisa: Sista, kinanuka? Ukaniambia, wala, hakinuki hata kidogo. Na pua yako inapanda na kushuka mbele ya macho yangu. Ukaniona mtoto mdogo. Nikasema, heri nioze peke yangu kuliko kubembelezwa."

Sista alikuwa amesimama akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Mbona akarudi hatua moja nyuma. Hili halikuwa la kuelezwa na mtu wa tatu.

"Naomba nikitazame tena," alisema Sista. "Kukitazama tu. Sitagusa."

Mzee alifikiri. Kisha akasogeza blanketi.

Sista hakupandisha barakoa. Aliinama juu ya ile bandeji iliyokaa siku nyingi mno, yenye doa la kijani lililosambaa, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, njia ikiwa wazi. Mbona alimwona akiipokea. Mwili mzima ulishtuka kidogo, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mtu amesimama pale pale. Machozi yalimlengalenga. Mkuu wa wodi alisogea hatua mbele. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kujigeuza, chuma kikaacha kulia.

Pua haikukunjamana. Ilitulia, na mistari yake, na utepe wake.

"Mzee," alisema Sista. "Kinanuka."

"Sista!" alisema mkuu wa wodi.

"Kinanuka vibaya. Tena sana. Sikujua." Alimeza mate. "Sikukudanganya. Nilikuwa sisikii harufu, mzee wangu. Nimeisikia leo. Ulipokuwa unaniuliza, ningekwambia kweli kama ningeijua."

Mzee alimtazama kama fundi anavyotazama saa iliyoletwa na mtu anayesema haijaanguka.

"Kinanukaje?" aliuliza hatimaye.

"Kama maji ya chombo cha maua. Maua yaliyosahauliwa."

"Mjukuu wangu alisema panya."

"Panya pia yumo," Sista alikubali. "Lakini maua yamezidi. Na hii rangi ya kijani siipendi. Nitachukua kidogo ipelekwe maabara, tujue ni mdudu gani, tumpe dawa yake."

Kitu kililegea usoni mwa mzee, kuanzia kwenye macho kushuka, na Mbona, aliyejua majina ya misuli yote iliyohusika, hakuyakumbuka hata moja.

"Maua," mzee alisema. "Afadhali hata maua." Alifunika mfuniko wa saa, akaiweka mezani, akausogeza mguu ukingoni mwa kitanda. "Haya. Osha. Na leo niambie kila unachokiona, usiniruke."

Mkuu wa wodi alikohoa. "Nitaleta maji ya chumvi," alisema. "Na kwa Jumatatu, nitatafuta mtu mwingine wa mashuka." Akaondoka haraka, kama watu wanaoogopa kushukuriwa.

Sista alivuta pazia, akanawa, akavaa barakoa ile ya kikombe. Bandeji ilianza kufunguka, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lilikuwa na habari yake. Mbona alisogea aone vizuri. Alikuwa na maswali mengi: mbona kijani, mbona ukingo huu ni mkavu na ule una maji, mbona nyama nyingine nyekundu na nyingine ya kijivu. Tabaka la mwisho likatoka.

"Ee!" alisema mzee, akimnyooshea kidole. "Mtazameni daktari! Huyo ndiye mwenye kukunja pua!"

Mbona alijishika usoni. Ilikuwa kweli, mikunjo yote, juu na ubavuni, imejipanga. Alijaribu kuinyoosha, ikakataa, naye akaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Sista alicheka ndani ya barakoa yake, kicheko kizima, hewa ikiingia na kutoka bila taabu.

"Usijali, mdogo wangu, utazoea," alisema, bila kuondoa macho kwenye kidonda. "Shika beseni. Sogeza taa hapa. Mzee, hapa katikati kuna nyama imekufa, nitaitoa, utaumia kidogo. Lakini huku pembeni, unaona? Hapa pana wekundu mzuri. Hapa tunaanzia."

Mzee aliinua shingo, akatazama.